Nani Alifungua Faili Langu?

Kati ya mwaka 1989 na 1994, mwanamke mmoja alifanya kazi ya uuguzi kwa mikataba katika kliniki ya macho ya hospitali ya umma nchini Ufini. Tangu 1987 alijua kwamba ana virusi vya UKIMWI, na matibabu yake aliyapata hapohapo, kwenye kliniki ya magonjwa ya kuambukiza ya hospitali aliyokuwa akiitumikia. Mwanzoni mwa 1992 akaanza kuhisi kwamba wenzake kazini wanajua. Siku hizo mtumishi yeyote wa hospitali hiyo aliweza kuingia kwenye rejista ya wagonjwa na kusoma alichotaka. Baadaye alipoomba rasmi aambiwe ni nani waliosoma faili lake, alijibiwa kwamba jambo hilo haliwezi kujulikana. Mfumo ulikuwa unatunza kumbukumbu ya mara tano za mwisho tu, tena kwa jina la idara bila jina la mtu, na hata hizo tano zilifutika faili likisharudishwa masijala. Akafungua shauri la kudai fidia. Mahakama ya wilaya ikalitupa mwaka 2001 kwa kukosa ushahidi kwamba kuna aliyelisoma faili lile pasipo haki. Mahakama ya rufani ikakubaliana nayo, na ile ya juu kabisa ikakataa hata kumpa ruhusa ya kukata rufaa.

Tarehe 17 Julai 2008 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, iliyoko Strasbourg, ililitazama shauri hilo kwa jicho jingine kabisa. Majaji hawakusema kwamba fulani alisoma faili. Wao pia hawakuwa na njia ya kujua. Walichosema ni kwamba huwezi kumdai mgonjwa uthibitisho ambao hospitali ndiyo ilipaswa kuutunza na haikuutunza. Hospitali ingeandika jina la kila aliyefungua faili, au ingewafungia mlango wote wasiohusika na tiba yake, mwanamke huyu asingefika mahakamani mikono mitupu. Wakaongeza kwamba haki ya kudai fidia baada ya siri kutoka haimtoshi mtu. Anachodai kwanza ni ulinzi wa kweli wa kuizuia isitoke. Serikali ya Ufini ikaamriwa kumlipa fidia ya zaidi ya euro 13,000, na euro 20,000 za gharama za kesi. Katika vitabu vya sheria mwanamke huyo anatajwa kwa herufi moja tu, I, na kesi yake huitwa I dhidi ya Ufini.

Nimeanza na Ufini kwa sababu mazungumzo yetu ya Afrika Mashariki juu ya kumbukumbu za tiba za kielektroniki yameegemea upande mwingine. Tunawaogopa wadukuzi wa mbali, tunabishana kuhusu gharama ya seva, na tukifika kwenye sheria tunauliza kama ipo. Sheria ipo, na wala si mbaya. Kinachokosekana ni kitu kidogo kuliko hivyo, na kwa maoni yangu ndicho kinachobeba vingine vyote: haki ya mgonjwa kuambiwa, kwa jina, tarehe na saa, ni nani walifungua faili lake; na pale kituo cha afya kinaposhindwa kumjibu, hasara ya kushindwa huko iwe ya kituo. Bila haki hiyo, vifungu vizuri vya usiri vinabaki kuwa ahadi ambayo anayeivunja ndiye pekee anayejua kwamba ameivunja.

Tuangalie kwanza kilichobadilika tulipotoka kwenye karatasi. Kwa miaka mingi mgonjwa wa nje katika zahanati ya kawaida alikuja na daftari lake la shule, lile la kurasa arobaini, jina limeandikwa kwa kalamu ya wino juu ya mistari ya jalada. Daktari aliandika humo, mtu wa maabara akabandika kipande cha majibu, na mgonjwa akarudi nalo nyumbani akalitia chini ya godoro. Siri yake ilikuwa salama kadiri godoro lilivyokuwa salama. Faili la hospitali kubwa lilikaa masijala, na aliyetaka kulisoma ilimbidi ashuke, alitaje kwa namba, asubiri karani alivute rafuni. Mambo yalivuja, tena sana. Asiyejua hilo hajawahi kukaa kwenye benchi la mapokezi. Lakini karatasi ilisomwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja, mahali pamoja. Faili la kwenye kompyuta linaweza kusomwa na watu ishirini kwa dakika ileile, mmoja akiwa wodini, mwingine dirisha la bima, mwingine mji wa pili, na hakuna karani anayeona mtu akipita na bahasha kwapani.

Upande wa pili wa mabadiliko hayo husahaulika. Karatasi haimkumbuki msomaji wake. Ukurasa uliosomwa na mtu mmoja na ukurasa uliosomwa na mia zinafanana, isipokuwa labda alama za vidole pembeni. Kompyuta inaweza kukumbuka kila mkono ulioigusa, na ile orodha ya nani ameingia, saa ngapi, akafungua nini na akabadilisha nini, mafundi huiita logi. Kwa hiyo teknolojia hii imekuja na hatari mpya na dawa ya hatari hiyo ndani ya kifungashio kimoja. Hatari tumeipokea yote. Dawa, vituo vingi vimeiacha ndani ya boksi.

Wala msomaji asidhani kwamba ili siri itoke ni lazima mtu asome maelezo marefu ya daktari. Kwenye mifumo ya hospitali, ikiwamo GoTHOMIS inayotumika katika vituo vya umma vya Tanzania, mgonjwa mmoja hupita mikononi mwa wengi: mapokezi, daktari, maabara, famasi, malipo au bima. Kila mmoja anahitaji kipande chake, na kila kipande kinasema. Herufi tatu CTC kwenye orodha ya kliniki alizohudhuria mtu zinatosha, maana kila mtu mtaani anajua CTC ni kliniki ya wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Mtu wa famasi akiona TLD hahitaji kuona majibu ya maabara. Hicho ni kidonge chenye tenofovir, lamivudin na dolutegravir, na sababu ya mtu kukimeza kila siku haina mafumbo. Kwenye fomu ya bima ugonjwa huandikwa kwa msimbo wa kimataifa, na karani aliyekaa dirishani mwezi mmoja ameshajua kwamba B20 ni ugonjwa uleule. Herufi moja na tarakimu mbili. Ndiyo maana wanaosema kwamba usiri utalindwa kwa kuficha tu ukurasa wa maelezo ya daktari hawajakaa wakatazama kazi inavyokwenda.

Sasa sheria. Katiba ya Tanzania ya 1977, ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu. Ya Kenya ya 2010, ibara ya 31, inafanya hivyo kwa maneno ya wazi zaidi. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019. Kwa sheria hiyo hali ya afya ya mtu ni data nyeti, na anayeruhusiwa kuishughulikia ni mtoa huduma ya afya, au mtu aliye chini ya dhamana yake, au mwingine anayebanwa kisheria kutunza siri. Data ikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mtu, Kamishna wa Data anatakiwa ajulishwe ndani ya saa 72. Tanzania ilifuata na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo imeziweka taarifa za afya kwenye fungu la taarifa nyeti na kuunda Tume ya kusimamia. Uganda ilikuwa na ya kwake tangu 2019, Rwanda tangu 2021. Kabla ya hizo zote zilikuwapo sheria za UKIMWI, ya Kenya ya 2006 na ya Tanzania ya 2008, zilizokataza kutoa majibu ya mtu bila idhini yake.

Kwa hiyo anayesema tumeachwa na wakati anakosea. Tatizo linaonekana pale unapojaribu kuzitumia sheria hizo. Chukua ile amri ya saa 72. Hospitali iliyoibiwa seva nzima itajua, na itatoa taarifa. Lakini mhudumu aliyeandika jina la shemeji yake kwenye kisanduku cha kutafutia, akasoma dakika mbili, akafunga na kuendelea na kazi, hajaacha dirisha lililovunjwa. Saa 72 za nani zitaanza kuhesabiwa? Sheria inamtaka mgonjwa alalamike, na ili alalamike anatakiwa awe na mtu wa kumlalamikia. Naye anachokijua ni kwamba jirani amemwambia neno ambalo yeye hakumwambia mtu. Akienda hospitali ataambiwa kwamba jirani huenda alibahatisha. Akienda mahakamani, kanuni ya kawaida ya madai inamtaka anayedai athibitishe, na hapo anakaa mahali palepale alipokaa yule muuguzi mwaka 2001.

Kuna wanaodhani njia ya mkato ni kutangaza kwamba faili ni mali ya mgonjwa. Swali la umiliki lina mvuto, lakini Mahakama ya Juu ya Kanada ililitatua kwa busara mwaka 1992, katika kesi ya McInerney dhidi ya MacDonald: karatasi ni za daktari, ila yaliyoandikwa humo daktari anayashika kwa amana, na mgonjwa ana haki ya kuyaona na kupata nakala isipokuwa pawe na sababu nzito. Hiyo inatosha. Mwenye nyumba anayemiliki mlango na asiyejua nani ana ufunguo hajapata faida kubwa kwa hati yake ya umiliki.

Funguo zenyewe ndiyo habari. Mwaka 2018 mamlaka ya ulinzi wa data ya Ureno iliitoza faini ya euro 400,000 hospitali ya Barreiro, ng'ambo ya mto kutoka Lisbon. Wakaguzi walikuta akaunti 985 zinazoingia kwenye mfumo kama madaktari, wakati hospitali ilikuwa na madaktari 296. Hizo nyingine zilikuwa za nani? Za waliokuja kwa muda wakaondoka, na za watu ambao kazi zao hazikuwahi kuwa za udaktari lakini wakapewa milango ileile. Hakuna mdukuzi aliyetajwa katika shauri hilo. Huku kwetu aina ya kosa hilo ina sura yake: paswedi moja ya chumba. Imeandikwa kwenye plasta ya kidonda na kubandikwa pembeni ya skrini, ili anayeingia zamu ya usiku asipate shida. Kila kitu kinachoandikwa wodini kwa miezi sita kinabeba jina la muuguzi mmoja ambaye pengine alishahamishwa. Logi ipo, inafanya kazi, na inasema uongo mchana kweupe.

Wahudumu wenyewe wana majibu yao, na yapo yenye uzito. La kwanza ni la dharura. Mgonjwa ameletwa na bodaboda, hajitambui, na daktari aliyepo si daktari wake. Mfumo ukimwambia hana ruhusa ya kuona kama mtu huyu ana mzio wa penisilini, usiri huo utamuua. Ni kweli, na ndiyo sababu mimi natilia mkazo orodha ya waliofungua kuliko makufuli. Mifumo mizuri huwa na mlango wa dharura, mfano wa kile kisanduku cha kioo chenye kitufe cha moto ukutani: yeyote aliye zamu anaweza kukivunja, ila kelele itasikika. Daktari anaandika sababu kwa maneno machache, faili linafunguka papo hapo, na kesho yake kuna mtu anayepitia milango yote iliyovunjwa usiku. Anayeokoa maisha hapotezi hata nusu dakika. Anayepeleleza anaacha jina lake.

Pingamizi la pili ni la uhaba, na hili halijibiwi kwa mkato. Zahanati ina kompyuta moja, tabibu mmoja, muuguzi mmoja na mhudumu anayeshika kila kitu wengine wakiwa na wagonjwa. Umeme unakatika, mtandao unasuasua, na foleni iko hadi kwenye mwembe. Kumwambia kila mtu atoke na kuingia upya kwa jina lake kila anapogusa kibodi ni kumwongezea mgonjwa saa nzima ya kusubiri. Nakubali kwamba sheria inayodai kitu kilekile kutoka zahanati ya kijijini na hospitali ya taifa itavunjwa na zahanati siku ya kwanza, na sheria inayovunjwa na wote huzoesha watu kuvunja nyingine. Ila kuandika logi kwenyewe hakuhitaji mashine mpya. Programu inayojua kuhifadhi kipimo cha malaria inaweza kuhifadhi na jina la aliyekisoma. Kinachogharimu ni tabia, na tabia inaweza kudaiwa kwa ngazi. Hospitali ya rufaa yenye idara ya TEHAMA haina kisingizio cha paswedi ya pamoja. Zahanati inaweza kuanza na namba fupi ya siri ya kila mtumishi, kama ile tunayobonyeza kwenye simu kabla ya kutuma pesa. Wahudumu haohao huibonyeza mara kumi kwa siku bila kulalamika, kwa sababu pesa ni zao.

La tatu husemwa kwa sauti ya chini: wahudumu wanaona logi kama jicho la mwajiri juu ya mabega yao. Wanahesabiwa dakika, wanaulizwa kwa nini walifungua hiki na hawakufungua kile. Hofu hiyo ina msingi, na kanuni inapaswa kusema wazi kwamba orodha ya waliofungua haitumiki kupima kasi ya kazi. Lakini wenye hofu wajiulize pia nani anawatetea siku wakishtakiwa kwa uzembe. Kwenye karatasi sheria ya kazi ilikuwa rahisi: ukikosea, piga mstari mmoja, usifute, andika sahihi na tarehe kando, kosa lisomeke. Kwenye kompyuta neno linaweza kubadilishwa bila kovu. Familia ikidai kwamba kipimo cha shinikizo la damu saa nane usiku kiliandikwa asubuhi, baada ya mgonjwa kufariki, muuguzi aliyekiandika kweli saa nane atajiteteaje? Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya 2015 inaitaka mahakama, inapopima uzito wa ushahidi wa aina hii, itazame kama njia iliyotumika kuutengeneza na kuuhifadhi inaaminika, kama haujachezewa, na mwandishi wake alitambuliwaje. Sheria ya Ushahidi ya Kenya nayo inadai hati maalumu inayoeleza rekodi ilivyopatikana na kifaa kilichoitoa. Faili lisilo na nyayo za kuaminika halimsaidii mgonjwa wala aliyemtibu. Wakili wa upande wowote atalichana mbele ya jaji.

Tuseme basi logi imewekwa. Uholanzi inatuonyesha kwamba hapo kazi haijaisha. Mwaka 2019 hospitali ya Haga, mjini The Hague, ilitozwa faini ya euro 460,000, ambayo mahakama baadaye iliipunguza hadi 350,000. Mgonjwa mmoja anayejulikana sana nchini humo alikuwa amelazwa, na makumi ya watumishi wasiohusika naye wakachungulia faili lake. Tofauti na Ufini, hapa walijulikana, kwa sababu mfumo uliwaandika. Kosa la hospitali lilikuwa kwamba haikuwa ikikagua logi inavyotakiwa na haikuwataka watumishi wathibitishe utambulisho wao kwa hatua mbili. Mgonjwa mashuhuri aliwafanya waangalie. Mama wa kawaida aliyesomwa na wifi yake aliyeajiriwa maabara hana mtu wa kumwangalizia, isipokuwa aweze kuangalia mwenyewe.

Estonia imeamua hivyo. Tangu nchi hiyo ianzishe mfumo wake wa taifa wa taarifa za afya mwaka 2008, mwananchi anaweza kuingia kwenye tovuti ya wagonjwa kwa kitambulisho chake na kuona ni nani aliyetazama taarifa zake na lini; akitaka, anaweza pia kuzifunga baadhi ya hati zisionwe. Nitaambiwa Estonia ni nchi ya watu kama milioni 1.3, wote wana kitambulisho cha kidijitali, na mgonjwa wetu hataelewa orodha ya majina. Kuhusu vitambulisho, sawa. Kuhusu kuelewa, hapana. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, ukanda huu umejaa watu ambao hawakusoma sana lakini wakipokea ujumbe kwamba kuna shilingi elfu mbili zimetoka, wanajua papo hapo kama ni wao walizitoa. Orodha ya waliofungua faili ni taarifa ya namna hiyohiyo, na mwenye kuijua vizuri kuliko mkaguzi yeyote ni mwenye faili, kwa kuwa ndiye anayejua kwamba lile jina la nne ni la mtu aliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba.

Hapa nitajipinga mwenyewe kidogo. Ujumbe wa simu si njia salama ya kufikisha habari hiyo. Simu nyingi ni za nyumba nzima, na maneno kwamba faili lako limefunguliwa leo katika kliniki fulani, yakisomwa na mume aliyeshika simu, yameshatoa siri yaliyotumwa kuilinda. Bora orodha itolewe kwa anayeiomba mwenyewe, dirishani au kwa namba ya siri, bila malipo na ndani ya siku chache zilizotajwa na kanuni, kuliko kuirusha hewani. Wala mgonjwa asidaiwe aeleze kwa nini anaitaka.

Kuna msomaji mwingine ambaye haji kwa paswedi ya wodi. Februari 2015 rais wa Kenya wakati huo, Uhuru Kenyatta, alitoa agizo zikusanywe taarifa za watoto wa shule wanaoishi na virusi vya UKIMWI, pamoja na walezi wao na akina mama wajawazito na wanaonyonyesha. Lengo lilikuwa jema: kuwafikishia huduma. Shirika la kutetea haki za afya la KELIN na wenzake wakaenda Mahakama Kuu, na Desemba 2016 mahakama hiyo ikaamua kwamba kukusanya kwa namna inayounganisha jina la mtoto na hali yake kunavunja Katiba, ikaamuru taarifa zilizokwisha kusanywa ziwekwe kwa misimbo ili majina yasionekane. Hukumu hiyo inajibu vizuri wale wanaosema usiri utakwamisha afya ya umma. Anayepanga bajeti ya dawa za kaunti anahitaji idadi. Anayemwandikia mtoto dawa anahitaji jina. Wakichanganywa, mmoja wao anasoma kisichomhusu, hata kama ni serikali.

Tangu hapo msomaji wa aina hiyo ameongezeka ukubwa. Oktoba 2023 Kenya ilitunga Sheria ya Afya ya Kidijitali. Julai 2024 Mahakama Kuu ikaibatilisha pamoja na nyingine mbili za afya kwa sababu wananchi hawakushirikishwa vya kutosha, na Septemba Mahakama ya Rufani ikasimamisha utekelezaji wa hukumu hiyo. Machi 2025 ilibainika katika ripoti ya Mkaguzi Mkuu, Nancy Gathungu, kwamba mfumo wa teknolojia wa bima ya afya, wenye thamani ya shilingi bilioni 104.8, haumilikiwi wala haudhibitiwi na serikali iliyouagiza. Desemba mwaka huohuo Kenya na Marekani zikatia saini makubaliano ya ushirikiano wa afya, na wiki moja haijapita vizuri Mahakama Kuu ikazuia kwa muda sehemu ya kupeana taarifa za afya za wananchi. Mabishano ya kila moja ya mambo hayo ni marefu na yana siasa yake. Ila mtu wa kawaida ana swali moja tu la kuwauliza wote, na linafanana na lile la muuguzi wa kliniki ya macho: fundi wa kampuni akiingia kwenye seva usiku, jina lake litaandikwa kwenye orodha yangu? Ofisi ya nje ya nchi ikipakua, itaandikwa? Mkataba usioweza kujibu ndiyo kwa maswali haya haufai kusainiwa, hata uje na fedha kiasi gani.

Kinachohitajika kisheria kinaweza kutoka ofisi ya waziri au ya tume bila kusubiri Bunge litunge sheria nyingine, kwa kuwa sheria mama za Tanzania na Kenya zimeshaweka wajibu wa ulinzi na zimeacha nafasi ya kanuni. Kanuni itaje kwamba kila mfumo wa tiba uandike aliyefungua kwa jina lake binafsi, orodha isifutike kwa miaka kadhaa, na mgonjwa aipate akiiomba. Kisha iseme sentensi moja ambayo mawakili wa hospitali hawataipenda: pale siri ya mgonjwa inapojulikana nje na kituo kikashindwa kutoa orodha, itachukuliwa kwamba ilitoka kituoni hadi kituo kithibitishe vinginevyo. Watasema ni kali, na kwamba watu watazua madai. Wachache watazua. Lakini hospitali yenye orodha safi itawamaliza kwa karatasi moja iliyochapwa asubuhi hiyohiyo, na isiyo na orodha itakuwa imepata sababu ya kuwa nayo.

Hospitali ya Ufini iliipata sababu hiyo kwa kuchelewa. Muuguzi alipolalamika mwaka 1992, faili lake lilifungiwa wasiomtibu, akapewa jina la bandia kwenye rejista. Machi 1998 mfumo ukarekebishwa, na kuanzia hapo ikawezekana kurudi nyuma na kumtaja kila aliyefungua faili la mgonjwa. Yeye alikuwa ameshaondoka. Mkataba wake wa muda haukuongezwa, na mwaka 1995 akabadili kazi. Waliosoma faili lake kabla ya hapo, kama walikuwa wawili au arobaini, hakuna mahakama hata moja kati ya zile nne iliyopata majina yao.